Jibu: Mshipa mkuu wa mzee umetanuka, apasuliwe?

Pole sana dada wa Mbale. Umeuliza kama mzee apasuliwe haraka kwa kuwa altrasaundi imeonyesha aota yake ya tumboni, yaani ule mshipa mkuu wa damu utokao kwenye moyo, ina upana wa sentimita 4. Kawaida ni kama 2. Ikifika 3 ndipo huhesabiwa imetanuka. Kwa wanaume, upasuaji hufikiriwa ikifika 5.5, au ikikua upesi. Kwa sasa ni kurudia kipimo kila daktari atakapopanga, kudhibiti presha, na sigara aache leo hii. Mbembelezeni jamani, moshi ndio adui mkubwa wa ukuta wa mshipa huo. Ombeni rufaa ya Taasisi ya Moyo pale hospitali ya Mulago, Kampala. Ila akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, jasho baridi likamtoka, huenda mshipa umepasuka, msisubiri kuche: hospitali saa hiyo hiyo.