Maswali ya Wasomaji: Mlimani Peke Yako

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja: kutembea milimani siku kadhaa bila kundi. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ina hatari ambayo hatutaki mtu yeyote aijue kwa kuipata.

Hamjambo wahariri. Nimepanda Longonot mara tatu, na Ngong sihesabu tena. Sasa nataka kujipima: niingie Mlima Kenya kwa geti la Sirimon, nifike kilele cha Point Lenana, nitokee Chogoria, peke yangu, siku nne. Rafiki yangu anasema getini hawakubali mtu mmoja, ila naweza kumlipa mwongozaji tuandikishwe pamoja kisha arudi zake. Mnaonaje? – Msomaji, Umoja

Ndugu yetu, ni kweli kwamba getini hawatakuruhusu uingie peke yako. Huo ujanja wa kumrudisha mwongozaji, tafadhali uache.

Mwenzako mlimani ana kazi tatu: anakuona, anakubebea ukishindwa, anakwenda kuita msaada. Kazi ya pili unaweza kuipunguza kwa begi jepesi, kilo 12 au 13 pamoja na chakula. Ya tatu unaweza kuiandaa kabla hujatoka nyumbani. Ile ya kwanza haina mbadala, kwa sababu ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa nyepesi ya juu, ukizidi huharibu akili ile ile unayoitegemea kuutambua. Mtu kichwa kinamuuma akiwa kambi ya Shipton's, anajiambia ni kiu. Anatapika, anasema ni chakula. Kufika usiku anayumba kama mlevi, na bado anapanga kuondoka saa tisa kwenda kileleni. Aliye naye humchorea mstari wa mita 3 chini, akamwambia atembee kisigino kwa kidole, hatua kumi. Akishindwa, ubongo umeanza kuvimba. Anashushwa saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Asubuhi ni mbali mno. Vivyo hivyo kwa anayehema akiwa amekaa tu, au anayekohoa povu: hapo ni mapafu. Kipimo hicho huwezi kujisimamia vizuri.

Kwa hiyo nenda na mwongozaji, lakini jibebee, jipikie, jisimamishie hema. Hayo yanatosha kukupima.

Tatizo lingine ni siku nne. Nairobi iko mita 1,700 hivi, na kuishi hapa hakukusaidii sana kwenye mita 4,000. Geti la Sirimon liko mita 2,650, kambi ya Old Moses 3,300, Shipton's 4,200, Lenana 4,985. Ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900 kwa siku moja. Ndiyo maana tunakuomba uchukue siku sita, ili wastani kwa usiku ubaki chini ya mita 500: usiku mbili Old Moses, mbili Shipton's, kisha kilele na kuteremka ulale chini kabisa upande wa Chogoria. Siku ya kukaa si ya kulala hemani. Panda mita 200 au 300 juu ya kambi, kaa nusu saa, rudi. Kuna dawa ya kusaidia mwili kuzoea, asetazolamaidi, lakini kamwone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

Hesabu saa, usihesabu kilomita. Kanuni ya zamani ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka getini hadi Old Moses ni kama kilomita 9 na mita 650, yaani karibu saa tatu. Ukiwa na mzigo na hewa nyepesi, zidisha kwa moja na nusu: saa nne na nusu. Ukiondoka saa nne asubuhi utafika saa nane na nusu mchana, mvua ya alasiri haijakukuta na nyati na tembo wa msituni hawajatoka kwa wingi. Kwa kila siku andika saa ya kugeuka. Siku ya kilele iwe saa mbili asubuhi: ikifika hujafika Lenana, geuza, hata kama kilele unakiona.

Nyumbani acha karatasi kwa mtu mmoja anayeaminika: njia, kambi ya kila usiku, rangi ya hema na koti, jina la mwongozaji, na mstari huu: «Nisipopiga simu kufikia saa mbili usiku wa tarehe fulani, piga simu getini.» Saa hiyo iwe angalau saa sita baada ya ile unayotarajia kutoka, kwa kuwa mtandao huko juu hupatikana kwenye baadhi ya migongo ya mlima tu.

Ukitaka upweke wenyewe, Longonot inakufaa kwa siku moja: njia iko wazi na huhitaji mwongozaji. Ngong lipia askari wa msitu akusindikize, kwa sababu wapandaji wameporwa huko.

Nilinunua buti nzuri za ngozi Gikomba, hata hazikuwa zimechakaa. Nikiwa kwenye ukingo wa Longonot soli zote mbili zikabanduka. Fundi aligandisha kwa gundi, zikabanduka tena. Nimeuziwa feki? – Dada wa Kayole

Huenda ni buti halisi kabisa, dada, ila zimezeeka zikiwa kabatini. Kati ya ngozi na mpira wa chini kuna tabaka laini la sponji ya poliurethani. Unyevu wa hewa huikata sponji hiyo polepole, mwaka baada ya mwaka, na buti lililohifadhiwa bila kuvaliwa linaweza kuharibika kuliko linalotembea kila wiki. Kwa nje linang'aa. Siku linapobeba uzito kwenye mteremko, sponji inageuka unga.

Ndiyo maana gundi haikushika. Inashikana na unga, na unga haushikani na kitu. Hata ukishonewa kwa uzi wa nailoni, kazi ambayo mafundi wetu wa chini ya mwavuli wanaiweza sana, uzi utapita kwenye sponji iliyooza na kuikata. Kushona kunafaa pale ambapo sponji ni nzima na gundi tu ndiyo imeachia.

Unapochagua mitumba, bonyeza ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa soli, kwenye hilo tabaka la kati. Likirudi taratibu kama mpira, sawa. Likibaki na shimo, likinata au likidondosha chembe, rudisha, hata kama bei ni ya kutupa. Kisha likunje mara kumi na utazame nyufa nyembamba kama za udongo mkavu. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, uvae soksi utakazotumia mlimani. Simama kwenye mteremko na uhakikishe dole gumba haligusi mbele. Halafu zitembeze kilomita 50 mjini kabla ya mlima, kwa sababu ni heri soli ibanduke Jogoo Road.

Begini weka mita 3 za kamba nyembamba na utepe mpana wa kubandika. Soli ikiachia, funga kamba mizunguko miwili mbele na miwili katikati, fundo likae juu ya kiatu. Utarudi getini, lakini hutaendelea na safari.

Maharage yangu yalichemka saa tatu Shipton's na hayakuiva. Jiko ni bovu? – Msomaji, Rongai

Jiko lako ni zima. Kwenye mita 4,200 maji huchemka kwa nyuzi 86 hivi, na maharage hayaivi vizuri kwa joto hilo; unamaliza gesi bure. Yachemshe nyumbani yaive kabisa, yaponde, yaanike yakauke kama pumba. Mlimani mimina maji ya moto, funika, funga sufuria kwa sweta dakika 20. Ndengu ni tamu zaidi kwa njia hii. Ugali unaiva, maana wanga wa mahindi hulainika chini ya nyuzi 80; ukoroge tu muda mrefu kidogo.

Kwa siku moja ya mtu mmoja: unga wa uji gramu 120, sukari 50, maziwa ya unga 30, njugu karanga 150, tende 100, ndengu kavu 100, unga wa ugali 150, na vijiko vitatu vya samli. Ni kama gramu 740, zaidi kidogo ya kalori 3,000. Gawa kila siku kwenye mfuko wake, la sivyo siku ya pili utakula ya nne.

Septemba nakwenda Corsica, Ufaransa, kutembea njia ya GR20 peke yangu. Nijiandae vipi nikiwa South B? – Msomaji

Huko kwenda peke yako ni ruksa. Njia ina alama nyekundu na nyeupe, kama kilomita 180 kutoka Calenzana hadi Conca, kwa kawaida hatua 16 (vipande vya siku moja moja), na kupanda kwa jumla kunazidi mita 10,000. Kwa wastani hatua moja ni kilomita 11 hivi na zaidi ya mita 600 za kupanda, si mbali na Longonot moja. Lakini huko ni mwamba, mikono inatumika, na kesho unaamka tena. Kwa hiyo panda Longonot Jumamosi na Jumapili mfululizo, mara nne kabla ya safari. Siku za kazi tumia ngazi za jengo lako: ghorofa tano ni mita 15, mara 40 ni mita 600. Anza na kilo 6, ongeza 2 kila wiki, na usishuke kwa lifti, kwa sababu mapaja huumizwa na kuteremka. Mtungi wa gesi haupandi ndege, utanunua huko. Weka nafasi kwenye vibanda vya kulala mapema.

Ukungu ukinifunika nikapoteza njia, nifanyeje? – Msomaji, Kasarani

Simama. Vaa koti la mvua na sweta kabla hujahisi baridi, keti juu ya begi, kunywa maji. Toa simu iliyo kwenye hali ya ndege na ramani uliyoipakua nyumbani. Iweke kifuani, baridi inamaliza betri. Usifuate mto kuteremka, utakufikisha kwenye maporomoko. Rudi kwa mguu hadi alama ya mwisho uliyoiona ikiwa haizidi dakika kumi, ikizidi, baki. Piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu ni mara tatu. Ukisikia tatu, usiwafuate: endelea kupiga mpaka wakufikie wao.