Mbona mikataba ina wanaume tupu?

SWALI: Nafundisha historia shule ya sekondari hapa Donholm. Wanafunzi wameniuliza mbona mazungumzo yote na wakoloni yana majina ya wanaume. Nilikwenda Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, nikatafuta "Mekatilili wa Menza", nikatoka mikono mitupu. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea jina tu, Mwalimu. Mwanamke huyu aliyeongoza Wagiriama wa Pwani kuwapinga Waingereza alizaliwa Mnyazi wa Menza. "Mekatilili" maana yake mama Katilili, na makarani wa kikoloni waliandika walivyosikia. Jaribu Katilili, Katalili, Me Katilili, kisha Mnyazi. Ukikosa, acha kutafuta kwa jina. Omba faili za utawala wa Pwani za 1912 hadi 1914, usome ripoti za mwaka na barua za Arthur Champion, ofisa aliyesimamia Wagiriama. Mkataba ni karatasi ya siku ya mwisho, na siku hiyo mzungu aliita wazee wa kiume waweke alama. Mabishano yenyewe yamo kwenye barua.

Ukifika kwenye maneno kama "uchawi" au "ngoma", usiruke ukurasa. Mwaka 1913 Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakamfuata. Kisha Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, vikaliwa viapo viwili: mukushekushe cha wanawake na fisi cha wanaume. Aliyekula kiapo hatoi kodi, hatoi kijana wa kufanya kibarua, hashirikiani na chifu aliyeteuliwa na serikali. Kwa hiyo Champion alipoitisha baraza, jibu la jamii lilikuwa tayari, na mwanamke ndiye aliyelipanga. Serikali ilimkamata pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, ikawahamishia Kisii. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi Pwani.

Waonyeshe wanafunzi na barua za Kilwa za 1711, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa, India. Miongoni mwa waandikaji yumo Fatima, na cheo chake ni Mfalme. Hakuwa mke wa mfalme.

SWALI: Je, ni kweli Bibi Salme wa Unguja aliletwa na manowari za Kijerumani?

JIBU: Kweli, Agosti 1885. Binti huyu wa Seyyid Said, Sultan wa Unguja, alikuwa tayari Emily Ruete, mjane wa Mjerumani. Bismarck, Chansela wa Ujerumani, alitaka kumbana Sultan Barghash, kaka yake Salme, aliyepinga Wajerumani kujitwalia bara, na madai ya urithi ya raia wa Kijerumani yalimfaa sana. Barghash alipokubali habari ya bara, madai yakaachwa, Salme akarudi Ulaya bila urithi.

Linaloumiza ni la nyuma. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Qurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultan, barua za njama aliziandika Salme, msichana wa miaka kumi na mitano. Mwaka 1885 Barghash huyo huyo alikataa kuonana naye.