Maswali ya Wasomaji: Watoto wako Burundi, mama yao yuko Nyarugusu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Pasua, Moshi, na ninauza mboga katika soko la Mbuyuni. Katika jumuiya yetu yumo dada aliyeolewa na mwenzetu wa hapa, lakini kwao ni Bukavu, mashariki mwa Kongo. Vita vilipoingia mjini kwao Februari 2025, mdogo wake alikuwa Uvira kwa biashara ya dagaa, akashindwa kurudi nyumbani, akapanda boti hadi Kigoma, na sasa yuko katika kambi ya Nyarugusu. Watoto wake wawili, wa miaka tisa na minne, walikuwa wamebaki na mama mkubwa wake, na bibi huyo alivuka nao kuingia Burundi, ambako wanaishi kambini mpaka leo. Jumapili iliyopita dada aliwaunganisha kwa simu, akaiweka mezani kwa sauti ya wazi ili nasi tusalimie. Yule mtoto mdogo alimwuliza mama yake amepika nini, naye alipojibiwa kuwa ni maharage, akasema basi abakiziwe. Tumeandika barua kwa Serikali na watu 34 tumetia saini, lakini mwenyekiti wetu anasema barua ya raia wa kawaida haina uzito katika mambo ya wakimbizi. Je, ni kweli? Na kama si kweli, tumwandikie nani na tuombe nini? Nimeambatisha nakala. (Mama wa Pasua, Moshi)

JIBU: Mama yangu, shikamoo, na poleni nyote. Mwenyekiti wenu hajakosea kabisa, kwa sababu barua inayoomba huruma peke yake husomwa, husikitikiwa, kisha huwekwa katika faili. Mwombe avumilie, kwa maana barua inayoomba jambo mahususi, kwa ofisi inayohusika, ikitaja ahadi ambayo Serikali yenyewe imekwisha kuitoa, ni karatasi ya namna nyingine, na mtumishi aliyeipokea hana budi kuitafutia jibu.

Ahadi hiyo ipo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania imeuridhia, unasema katika ibara ya 25 kwamba nchi zichukue hatua zote zinazohitajika ili kuwatafuta na kuwaunganisha watoto na wazazi au jamaa zao, pale ambapo kutengana kwao kumetokana na vita au maafa. Ibara ya 23 inazitaka nchi zishirikiane na mashirika ya kimataifa katika kazi hiyo hiyo kwa mtoto mkimbizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaongeza, katika ibara ya 10, kwamba maombi ya mtoto au mzazi ya kuingia katika nchi ili familia iungane yashughulikiwe kwa nia njema, kwa utu na kwa haraka. Neno hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlishikilie, kwani katika mambo haya ni nadra ofisi kusema hapana, na mara nyingi haisemi chochote huku mtoto anazidi kukua. Mtakutana na watu watakaowatajia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 kana kwamba ndani yake kuna ibara ya kuunganisha familia. Haimo, mkutano ulioupitisha ulitoa pendekezo tu kwa serikali, ingawa ulitamka wazi kwamba umoja wa familia ni haki ya msingi ya mkimbizi. Kwa hiyo jengeni hoja yenu juu ya mkataba wa Afrika, ambao unatufunga.

Sasa nije kwenye barua yenu. Ina kurasa tatu, na watoto wanatajwa kwa mara ya kwanza katika ukurasa wa tatu, baada ya salamu, pongezi kwa viongozi na historia ya jumuiya tangu ilipoanzishwa. Ipunguzeni iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza iseme mama yuko wapi, watoto wako wapi, walitengana lini na kwa sababu gani. Majina kamili, tarehe za kuzaliwa na namba za usajili za pande zote mbili viwe katika karatasi ya pembeni iliyofungwa, inayokwenda kwa ofisi husika peke yake, maana nakala za barua za namna hii husambaa kuliko tunavyodhani.

Lipo jambo zito zaidi, nalo nimeliona katika sentensi yenu moja: mmeomba “watoto waletwe kwa mama yao”. Mkiomba watoto peke yao, mtapewa watoto peke yao, na bibi aliyevuka nao mto atabaki kambini Burundi bila mtu wa kumchotea maji. Kwetu mama mkubwa ni mama, na wajukuu wa mdogo wake ni wajukuu wake kweli, wala hakuna anayeuliza kama amemzaa mama yao. Lakini fomu nyingi za mambo haya zimetungwa kwa kufikiria familia ya baba, mama na watoto walio chini ya miaka 18, na mtu akijaza “mama mkubwa” ofisa humwandika kuwa ni ndugu wa mbali. Tena mkataba wa Afrika hausemi wazazi tu. Unasema wazazi au jamaa, na waliouandika walijua familia zetu zilivyo. Elezeni waziwazi kwamba bibi huyu ndiye aliyemlea mama wa watoto, kwamba ndiye mlezi wao hivi sasa, na kwamba mnawaombea wote watatu. Kama yuko mtu anayeweza kuthibitisha malezi hayo, kwa mfano kiongozi wa dini au jirani wa Bukavu ambaye naye yuko Nyarugusu, maelezo yake yaandikwe na kutiwa saini.

Barua ielekezwe kwa Mkurugenzi wa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Dodoma, kwa kuwa wizara hiyo ndiyo inayosimamia Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na nakala iende kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na kwa mbunge wenu. Ombi liwe kwamba Serikali iwasiliane na Burundi kuhusu familia hii, ipokee watu hawa watatu Nyarugusu, na ijibu kwa maandishi kabla ya tarehe mtakayoitaja. Msione haya kutaja tarehe. Sisi wenyewe tunapodaiwa kodi ya kibanda sokoni tunatajiwa.

Hata hivyo, barua yenu haitatembea kama mama mwenyewe hajawasilisha ombi lake kambini, kwani mwenye haki ya kuomba ni familia, nanyi ni wa kuiunga mkono. Aende kwa ofisi ya usajili na kwa Msalaba Mwekundu, ambao wana huduma ya kuwatafuta na kuwaunganisha ndugu waliotenganishwa na vita, na bibi afanye hivyo hivyo upande wa Burundi, ili maombi mawili yanayofanana yakutane. Msitume mtu Nyarugusu kwa basi ili “akafuatilie” kabla ya kuwa na kibali cha kuingia kambini, kwa maana mtapoteza nauli na siku mbili za njiani ili kusimamishwa langoni.

SWALI: Mimi ni mstaafu, ninaishi Ngarenaro, Arusha. Nchi yetu imepokea wakimbizi tangu nikiwa kijana. Tukianza kuunganisha familia, kila mmoja atamvuta mwingine, na hata mataifa tajiri yameona mzigo huo ni mkubwa. Je, si busara zaidi kungoja amani, kila mtu arudi kwao? (Mstaafu, Arusha)

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako si ya kubezwa, hasa kwa mtu anayekumbuka Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Ni kweli pia kwamba mataifa tajiri yamefunga milango: mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, Ujerumani ilisitisha kwa miaka miwili kuunganisha familia za kundi moja la waliopewa hifadhi, na Uingereza ikaacha kupokea maombi mapya ya familia za wakimbizi. Mimi sioni kuwa huo ni mfano wa kuigwa. Mama wa swali la kwanza aliye Nyarugusu, watoto wake wawili na bibi yao ni wakimbizi tayari, na ombi lao ni kuhamisha majina matatu kutoka daftari la nchi moja kwenda la nchi jirani.

Tena umesema tungoje amani ili warudi. Wewe umeishi Arusha, mji ambamo Makubaliano ya Amani ya Burundi yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, yakiwa na itifaki nzima inayogusa kurejea kwa wakimbizi. Walioketi katika mazungumzo yale walijua kwamba kurudi kunahitaji kupangwa. Mama ambaye hajui mtoto wake yuko upande gani wa mpaka hajiandikishi kurudi nyumbani, kwa sababu anaogopa kuondoka mahali pekee ambapo mtoto anaweza kumkuta, lakini familia iliyokamilika hufunga mizigo amani ikipatikana. Kwa hiyo hata anayetaka wakimbizi warejee mapema ana sababu ya kutaka waunganishwe sasa.

SWALI: Nimepokea picha za watoto waliopotezana na wazazi wao huko Kongo. Je, nikizisambaza katika makundi ya WhatsApp pamoja na majina yao na kambi waliyopo, si nitasaidia Serikali kuwatafuta wazazi haraka? (Kijana wa Usa River)

JIBU: Hapana, kijana wangu, usisambaze. Picha yenye jina na mahali alipo mtoto humwelekeza mzazi, na humwelekeza pia mtu anayetaka kujifanya mjomba. Picha za watoto zimewahi kutumika kutafuta familia katika ukanda huu baada ya mwaka 1994, lakini zilikuwa mikononi mwa mashirika yaliyomhoji kila aliyejitokeza kabla ya kumkabidhi mtoto. Ipeleke picha uliyo nayo ofisi ya Msalaba Mwekundu, ueleze nani alikutumia na lini, kisha uifute katika simu yako.