Breka inayokata siku za mvua

Dada wa Ujiji, unasema breka ya nyumbani kwako inakata umeme mvua ikinyesha, kisha inatulia wiki nzima. Hapo tayari umemrahisishia fundi kazi. Angalia kwanza kwenye boksi la umeme ni breka ipi inayoshuka, yaani inayojizima. Ikiwa ni ile pana yenye kitufe cha T (cha kuijaribia), umeme unavuja kwenda ardhini. Nyingi za majumbani hushuka uvujaji ukifika miliampia 30, na taa ya nje iliyoingia maji au hita yenye elementi mbovu hufika hapo bila shida. Chomoa plagi zote kabisa. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, maana nyutro, waya unaorudisha umeme, inabaki imeunganishwa. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja na usiwe na haraka. Friji la kisasa, kwa mfano, linaweza kukaa saa kadhaa kabla hita yake ya kuyeyusha barafu haijawaka. Ikishuka hata soketi zikiwa tupu, mimi ningeanza na taa ya barazani, halafu pampu ya kisima kama ipo.

Ikishuka moja ya zile nyembamba, ni mzigo au shoti. Inakata baada ya muda, pasi na birika vikiwa pamoja? Imezidiwa. Papo hapo? Shoti. Ikiwa ya moto sana au inanuka plastiki, huenda skrubu imelegea: zima, usiifungue mwenyewe, ita fundi. Na fundi akitaka kukuwekea breka kubwa ya ampia 32 kwenye waya wa soketi wa mili 2.5 ili “isisumbue”, tafuta mwingine.