Maswali ya Wasomaji: Leseni ya Windows Imefungwa na Nini?

Nataka kununua laptopu iliyotumika, HP EliteBook 840 G5, katika duka moja pale Digo Road. Muuzaji anasema ina Windows 11 Pro "orijino kabisa". Duka la pili wanayo hiyo hiyo yenye Home, na bei iko chini kwa shilingi elfu mbili. Nitajuaje kama Pro ni ya kweli, na je, inastahili hiyo elfu mbili? — Mwalimu, Majengo

Mwalimu, Pro na Home ni matoleo mawili ya Windows, lakini kabla ya kuuliza ni lipi, uliza leseni yenyewe imefungwa na nini. Windows huuzwa kwa njia tatu. Kuna ile inayotoka kiwandani na mashine, iitwayo OEM: imefungwa na bodi kuu ya mashine hiyo, na bodi ikifa nayo imekufa. Kuna ya rejareja, ambayo ni mali ya aliyeinunua; anaweza kuitoa kompyuta moja akaitia nyingine, mradi isikae kwenye mbili kwa wakati mmoja. Na kuna ya mkataba, wanayopewa makampuni na taasisi. Hii ya tatu ndiyo inayowaponza wanunuzi wa mashine kuukuu, kwa sababu kampuni ikiuza laptopu zake, leseni ya mkataba haiendi nazo.

Mbele ya muuzaji, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, kisha andika:

slmgr /dli

Subiri sekunde chache kidirisha kitokee, usome mstari wa "Description". Ukiona OEM_DM, leseni imetoka kiwandani, na hiyo ndiyo unayoitaka. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, rudisha pesa mfukoni. Mashine ya namna hiyo huamilishwa, yaani Windows yake hukubaliwa ifanye kazi, kwa siku 180 tu na seva (kompyuta kuu) ya kampuni, na inatakiwa kuirudia seva hiyo mara kwa mara. Ikiwa haina kampuni nyuma yake, basi kuna mtu aliyeingiza programu inayojifanya seva ndani ya laptopu hiyo hiyo. Programu hizo aghalabu hutaka antivirasi izimwe kwanza ndipo zifanye kazi, na ukishaizima hujui ni kitu gani kingine kimeingia kupitia mlango huo.

Andika pia slmgr /xpr. Jibu likitaja tarehe ya kwisha, si leseni ya kudumu, hata muuzaji aape vipi.

Ukiona RETAIL usikimbilie kufurahi wala kuhuzunika. Mashine nyingi zilizopandishwa kutoka Windows 10 huonyesha neno hilo bila kosa lolote. Hapo tumia kipimo cha pili. Fungua PowerShell uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKeyDescription

Tangu enzi ya Windows 8, watengenezaji huuandika ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ndani ya bodi kuu yenyewe, na amri hii inasoma ufunguo huo ni wa toleo gani. Jibu lenye "Professional" ni Pro. "Core" ni Home. "CoreSingleLanguage" ni Home ya lugha moja, ambayo haikubali ubadilishe lugha ya mfumo upendavyo. Lisipotoka neno lolote, bodi haina ufunguo, na muuzaji akuonyeshe risiti ya leseni.

Sasa hilo duka la pili. EliteBook ni laptopu ya maofisini, na nyingi zilitoka kiwandani na Pro. Ukiikuta na Home, huenda fundi ameipachika Home juu. Ipime. Bodi ikisema "Professional", nunua hiyo ya bei ya chini, kisha sakinisha upya kwa flashi ya GB 8 uliyoitengeneza kwa programu rasmi ya Microsoft. Kisakinishi kitausoma ufunguo wa bodi na kuchagua Pro chenyewe.

Ikiwa hakuna Pro ndani, usilipe elfu mbili kwa ajili yake. Kwa alama za wanafunzi, hati na video, Home haina upungufu wowote, na wala Pro haiendi kasi zaidi. Tia pesa hiyo kwenye RAM.

Jambo moja zaidi kuhusu G5: nyingine zina prosesa ya kizazi cha 7 na nyingine cha 8. Kwa nje zinafanana kama pacha. Windows 11 inakubali Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Angalia tarakimu inayofuata kistari: i5-8250U ni ya nane, i5-7300U ni ya saba.

Assalamu aleikum. Nina saiba Kisauni, kompyuta nane. Kijana mmoja ameniletea ufunguo wa Windows 11 Pro kwa shilingi 700, anasema nitauweka kwenye zote nane. Kuna ubaya gani? — Mwenye saiba

Waaleikum salaam. Ufunguo wa rejareja ni wa kompyuta moja. Ule unaokubali nyingi ni wa mkataba, aina ya MAK, na kila mashine inayoutumia huhesabiwa. Maana yake kijana anakuuzia ufunguo wa taasisi fulani, ambao yeye hana haki ya kuuza. Utafanya kazi leo, na pengine miezi kadhaa. Hesabu ikijaa utaona kosa 0xC004C020. Microsoft wakiufunga utaona 0xC004C003, na hizo 700 hakuna wa kukurudishia.

Na tofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuamilishwa si sawa na kuwa na leseni. Windows kusema "imeamilishwa" ni kwamba seva imeukubali ufunguo. Leseni ni ruhusa ya mwenye hakimiliki ya programu, na ushahidi wake ni risiti, mkataba au mashine iliyotoka nayo kiwandani. Hapa Kenya programu ya kompyuta inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na KECOBO ndiyo bodi inayoisimamia. Biashara yenye mlango barabarani haiwezi kujificha.

Kabla ya kutoa hata senti, zipime hizo nane kwa ile amri ya PowerShell tuliyomwandikia mwalimu. Tunakuhimiza sana ulifanye hili, kwa kuwa mashine za ofisini zilizotumika mara nyingi huwa na leseni halali iliyolala ndani ya bodi huku mwenyewe akitafuta ya kununua. Zisizokuwa nayo, zitenge ziwe za kuvinjari intaneti tu na uzitie Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows.

Angalia Office pia. Office Home & Student 2021 imeandikwa wazi kwamba si ya biashara, kwa hiyo hata ukiinunua kihalali, saiba haina ruhusa nayo. LibreOffice ni bure hata kwa biashara. Kumbuka wateja wako wanafungua eCitizen na akaunti za KRA kwenye hizo kompyuta. Nywila zao ni amana mikononi mwako, na mashine iliyofunguliwa kwa programu ya wizi haiwezi kuitunza amana hiyo.

Nakaa Likoni, duka langu la dawa liko Mwembe Tayari. Nataka nikiwa nyumbani niione kompyuta ya duka bila kuvuka feri. Nimeambiwa lazima ninunue Pro mbili. — Mama wa duka la dawa

Si mbili, Mama, na pengine hata moja hauhitaji.

Kompyuta inayoingiliwa kwa "Remote Desktop", njia ya Windows ya kuitumia mashine ukiwa mbali, ndiyo inayotaka Pro. Ile unayoingilia ukiwa nyumbani inaweza kuwa Home. Lakini kabla hujalipa fahamu hili: ukiingia kwa njia hiyo, kioo cha dukani kinajifunga. Leseni ya Windows ya kawaida inaruhusu mtu mmoja tu kuitumia mashine kwa wakati mmoja, aliyekaa mbele yake au aliye mbali. Karani wako atakuwa katikati ya kumuuzia mtu panadol, ghafla amefungiwa nje. Zipo programu za kubandika zinazovunja kizuizi hicho ili waingie wawili watatu. Zinavunja masharti ya leseni, na sasisho lolote la Windows linaweza kuziharibu asubuhi ya kazi.

Kama nia yako ni kutazama mauzo huku karani akiendelea, unataka programu ya kushiriki kioo. Hapo napo soma leseni. TeamViewer ya bure ni ya matumizi binafsi. Ikigundua biashara inakukatia mazungumzo. RustDesk ni ya chanzo huria, inafanya kazi kwenye Home, na duka linaweza kuitumia.

Ukiamua Pro bado inakufaa, fungua "Settings", "System", "Activation", kisha sehemu ya kupandisha toleo. Kutoka Home kwenda Pro ni dola 99 kwenye duka la Microsoft, mashine inawaka upya na faili zako hazipotei. Kurudi kutoka Pro hadi Home ndiko kunakotaka usakinishaji mpya. Na tafadhali, fundi asikufungulie mlango 3389 wa ruta, ule unaotumiwa na "Remote Desktop", moja kwa moja kwenye intaneti. Wavamizi wanaugonga mlango huo mchana na usiku. Tumia VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa kwa usimbaji kati ya nyumbani na dukani.

Faida ya Pro tunayoiona kubwa zaidi kwa duka la dawa ni BitLocker, inayofunga diski yote kwa usimbaji. Kompyuta ikiibiwa, rekodi za wagonjwa hazisomeki. Siku ya kuiwasha utapewa ufunguo wa kuokolea wa tarakimu 48. Uchapishe, uuweke nyumbani, mbali na hiyo kompyuta. Bila tarakimu hizo, siku mashine itakapozidai, data imekwenda.

Umeme ulipanda, bodi ya kompyuta yangu ikaungua. Fundi ameweka nyingine, sasa Windows inadai kuamilishwa upya. Diski ni ile ile. Kosa ni 0xC004F211. — Msomaji, Mikindani

Windows haiangalii diski, inaangalia bodi. Kosa hilo linasema vifaa vimebadilika. Kama leseni yako ilikuwa ya rejareja na uliiunganisha na akaunti ya Microsoft kabla ya ajali, ingia kwa akaunti hiyo, fungua "Activation", endesha "Troubleshoot", chagua kwamba umebadilisha vifaa karibuni, na uiteue kompyuta yako kwenye orodha. Kama ilikuwa OEM, imeungua na bodi, isipokuwa bodi ilibadilishwa na mtengenezaji mwenyewe chini ya dhamana.

Bodi ya laptopu iliyotumika inaweza kuja na ufunguo wake ndani. Mwambie fundi aipime kabla ya kuifunga skrubu. Na kwa wasomaji wote wa pwani, ambako chumvi ya bahari inakula bodi pole pole hata umeme ukiwa mzuri: kama leseni yenu ni ya rejareja, iunganisheni na akaunti leo, mashine ingali hai.

Kompyuta yangu imeandikwa "Windows 10 Pro N". Video hazifunguki. — Kijana wa Bamburi

N ni toleo la Ulaya lisilo na kicheza muziki na video cha Microsoft, lililotokana na uamuzi wa Tume ya Ulaya wa 2004. Mashine yako huenda ilikuja kutoka huko. Fungua "Optional features", ongeza "Media Feature Pack", zima uwashe. Ni bure.

Madrasa yetu ilipewa kompyuta kumi na mbili, prosesa za kizazi cha 6, zina Windows 10. Tunaambiwa imekufa. Tununue Windows 11? — Katibu wa kamati, Old Town

Ndugu Katibu, msinunue. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine za nyumbani kuna mpango wa kuongezewa hadi 13 Oktoba 2026, lakini taasisi zina utaratibu wake wa kulipia kila mashine. Leseni ya Windows 11 haitawasaidia: prosesa ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha, na pesa haibadilishi silikoni. Kuna njia za kuilazimisha ikae. Hatuzipendekezi kwa darasa, kwa sababu Microsoft hawaahidi kwamba mashine hizo zitaendelea kupata masasisho.

Tieni Linux Mint 22, yenye msaada hadi 2029. Programu zake nyingi, pamoja na kiini cha Linux chenyewe, ziko chini ya leseni huria kama GPL, inayoruhusu kutumia, kunakili na kugawa. Flashi moja inasakinisha zote kumi na mbili, na mwanafunzi akitaka kuichukua akaiweke ya nyumbani kwao, ana ruhusa kamili.

Anzeni na mashine moja. Hamisheni faili zote kwenye diski ya nje kwanza, kwa kuwa usakinishaji unafuta. Iwasheni kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, mjaribu Wi-Fi, sauti na printa yenu. Printa ndiyo inayosumbua zaidi, kwa hiyo chapisheni ukurasa mmoja wenye Kiarabu muone herufi zinavyoungana. Ikiwa mna programu ya hesabu za ada inayotaka Windows tu, acheni kompyuta moja na Windows 10 kwa kazi hiyo, ikae bila intaneti, na data yake muinakili kwa flashi kila Ijumaa.