Maswali ya Wasomaji: Binti anataka kusomea muziki na mazingira

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, kashikilia kusomea etnomuzikolojia, yaani utafiti wa muziki katika maisha na utamaduni wa watu, upande wa muziki na mazingira. Mimi nilitaka asome misitu. Hivi ngoma na mazingira vinakutana wapi?
Baba mzazi, Ipagala, Dodoma

JIBU: Marahaba baba, mbukwa! Mshike binti mkono, mkaiangalie ilimba kwa karibu, ile ala yetu ya sanduku la mti yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole. Kwenye ubao wa mbele kuna tundu, na juu yake fundi kabandika utando mweupe, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ni utando wa mfuko wa mayai ya buibui. Kidole kikigusa chuma, utando unatetema na sauti inatoka na ule mvumo ambao sisi Wagogo tunauona ndio utamu wenyewe. Ukichanika, ilimba inabaki kugonga tu. Nimesikia iliyobandikwa nailoni. Inavuma, lakini kwa ukali usiokaa vizuri na sauti ya mwimbaji.

Mtafiti wa aina hiyo anaanzia hapo. Anamuuliza fundi: mti umekatwa wapi? Kwa nini huu na si ule? Zamani ulikuwa unaufuata umbali gani? Kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, mti haukui haraka, na mchoma mkaa anautaka huohuo. Misitu uliyomtakia binti imo humohumo, baba.

Wako waliotangulia. Mmarekani Steven Feld aliishi na Wakaluli wa Papua New Guinea miaka ya 1970, akakuta kilio chao cha msiba kinafuata sauti ya njiwa mmoja wa msituni. Asiyemjua ndege hauelewi wimbo. Tena angalia mpingo wetu: klarineti na obo, ala za kupuliza za Ulaya, hutengenezwa kwa mti huo, unaohitaji miaka 70 au zaidi kukomaa. Tangu 2017 mpingo na miti ndugu zake yote imo kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Mtu anayejua muziki na miti anahitajika sana kwenye mazungumzo hayo.

Ajira? Sikufichi, matangazo ni machache. Wengi hufundisha, hutunza kumbukumbu za sauti, au huingia kwenye miradi ya uhifadhi. Muziki unafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kule alikofundisha mzee wetu Hukwe Zawose wa Doduma, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003.

Kabla hujalipa ada, mpeleke Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo. Akae na akina mama wa muheme, wale wanaobana ngoma kwa mapaja, awaulize ngozi inatoka wapi na nani anachonga siku hizi. Simu asiitoe kurekodi kabla ya kuomba ruhusa, na akirekodi, nakala moja ibaki kwao.