Ntarama haimo, ni Nyamata
Kuna wanaosema kanisa la Ntarama, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hapana, halimo, wengi mnalichanganya na kanisa la Nyamata kwa vile yote mawili yako wilaya ya Bugesera na hayako mbali. Kumbukumbu za mauaji hayo zilizoingia kwenye orodha Septemba 2023 ni Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero basi. Nyamata nimefika, nguo za waliouawa bado zimerundikwa juu ya mabenchi na bati lina matundu kibao mwanga unapenya, inauma sana. Ila msidhani Ntarama imetupwa, nayo ni kumbukumbu rasmi na watu waliuliwa mle mle kanisani walikokimbilia Aprili 1994, kwa hiyo ukifika Bugesera pitia zote mbili.